Kodoni 531, 450 au 456? Jedwali langu la usugu wa rifampisini halipatani na makala

Maabara_Uyole

Habari za usiku wakuu, na shikamooni mlio wakubwa. Niko Mbeya, ni mteknolojia wa maabara na nasoma shahada ya uzamili. Hii ni wiki ya tatu nimekwama mahali pamoja, na rasimu ya tasnifu inatakiwa mwisho wa mwezi.

Nina sampuli 14 za kifua kikuu ambazo GeneXpert, mashine inayopima kifua kikuu na usugu wake, ilizitoa kuwa sugu kwa rifampisini, dawa ya ugonjwa huu. Tuliziotesha, tukatoa DNA, tukakuza kwa PCR kipande cha rpoB, jeni ambayo mabadiliko yake huleta usugu huo, kikapelekwa nje ya nchi kusomwa kwa njia ya Sanger. Majibu yamerudi kwa barua pepe, nikayapakua kwa bando la usiku maana la mchana halitoshi. Mpaka hapo nilikuwa na furaha. Ni mara ya kwanza nashika mfuatano wa herufi uliotoka kwenye makohozi niliyoyapokea dirishani kwa mikono yangu.

Nilichofanya: kila mfuatano niliubandika kwenye BLAST ya NCBI, chombo cha mtandaoni kinachotafuta mifuatano inayofanana na wako. Kumi na moja zimefanana na kifua kikuu kwa asilimia 99 na kitu, tatu zimefanana kwa asilimia 100. Zile tatu nikaziandikia "hakuna mabadiliko". Zile kumi na moja nikazitafsiri kuwa asidi amino kwa Translate ya Expasy na kuzifananisha kwa macho na mchoro wa makala moja. Nyingi zina serini iliyogeuka kuwa lusini, mahali palepale.

Sasa mahali hapo panaitwaje? Makala niliyoitoa PubMed inasema kodoni (zile herufi tatu za DNA zinazotoa asidi amino moja) ya 531. Katalogi ya WHO ya mabadiliko yanayoleta usugu inasema 450. Makala nyingine inayohusu umbo la proteini yenyewe inasema 456. Msimamizi wangu ameona 450 kwenye jedwali langu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umehesabu vibaya, rudia." Nimerudia. Nimechapa mfuatano karatasi nne pale stationari ya Mwanjelwa, nikahesabu kwa kalamu herufi tatu tatu mpaka saa nane usiku, na kwa kuwa kipande changu kinaanzia katikati ya jeni, nimepata namba ya nne ambayo haipo popote.

Maswali yangu: niandike namba ipi? Na zile sampuli tatu, niseme GeneXpert ilikosea? Hilo la pili linaniumiza zaidi, kwa sababu kuna mtu alianzishiwa dawa za usugu kwa jibu lile.

Kihesa_Iringa

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hujahesabu vibaya. Namba zote tatu ni za kodoni moja.

Iko hivi. Mabadiliko ya rpoB yanayoleta usugu wa rifampisini yalichorwa kwanza kwenye E. coli, yule bakteria wa utumbo, kwa sababu ndiye aliyekuwa anachezewa maabara zote. Mwaka 1993 watafiti walipoonyesha kwamba kifua kikuu nacho kinapata usugu kwa njia hiyo hiyo, jenomu ya kifua kikuu ilikuwa bado haijasomwa. Wakaazima namba za E. coli. Jenomu kamili ya H37Rv, ile aina ya kifua kikuu tunayolinganishia wote, ilichapishwa 1998, lakini wakati huo 531 ilishakuwa vinywani mwa watu na kwenye vitabu, na mpaka leo kuna madaktari hawajui jina lingine.

Ukihesabu kwa jeni ya kifua kikuu chenyewe, unapata 450. Tofauti katika eneo hilo ni 81. Kwa hiyo 531 ni 450, 526 ni 445, 516 ni 435. Angalizo moja, maana wanafunzi wangu hujikwaa hapa: eneo lenyewe linalobeba sehemu kubwa ya usugu huu lina urefu wa herufi 81 pia, yaani kodoni 27, kuanzia 426 hadi 452. Hizo 81 mbili hazihusiani, zimekutana tu.

Na 456? Hapo wamegombana juu ya mahali jeni inapoanzia. Kuna wanaoanza kuhesabu asidi amino sita nyuma zaidi. Proteini yao ina asidi amino 1178, ya wenzao 1172. Waliochora umbo la proteini wengi wao wanatumia ile ndefu.

Katalogi ya WHO, ya 2021 na toleo la pili la 2023, zote zinatumia 450. Andika 450, na pembeni safu moja yenye namba ya E. coli ili msomaji wa zamani asipotee. Msimamizi mpelekee kwa adabu, usimwambie amekosea. Mwambie umeweka mifumo yote miwili.

Maabara_Uyole

Dah. Asante sana mwalimu. Wiki tatu! Nimetoa 81 kwenye kila namba ya makala ile na jedwali lote limekaa sawa. Nimeinuka kitini nikazunguka chumba.

Na zile tatu za asilimia 100?

Mnyakyusa_wa_Benchi

Dada, mimi nitasema hapo, na naomba usijisikie vibaya kwa sababu nami niliwahi kuandika hivyo hivyo kwenye ripoti na ikabidi irudishwe.

BLAST haikuambii kama bakteria wako ni mzima au ni sugu. Inakuambia mfuatano wako unafanana na nini kilichomo ndani ya ghala. Na ndani ya ghala kuna nini? GenBank ipo tangu 1982, na inabadilishana data kila siku na wenzao wa Ulaya pale Hinxton na wa Japani. Kila mtu duniani anayesoma kifua kikuu sugu anaweka mfuatano wake humo. India, Afrika Kusini, Urusi, China, wote. Kwa hiyo sampuli yako ikiwa na usugu wa kawaida kabisa wa 450, BLAST itakutafutia ndugu yake mwenye usugu huo huo na kukupa asilimia 100. Ni sawa na kumpeleka mgonjwa wodini ukauliza, "Kuna anayefanana na huyu?" Wapo wengi. Haina maana ni mzima.

Tena hata zile 99 zako huenda hazina maana uliyodhani. Fungua faili zenyewe zenye vilele vya rangi uangalie mwanzo na mwisho. Kwa Sanger herufi za mwanzoni na za mwishoni huwa vurugu, vilele vinapandana. Usipozikata, ndizo zinazokula ile asilimia moja. Zile tatu labda ndizo zilizosomwa safi kuliko zote!

Fanya hivi. Nenda NCBI, upande wa Nucleotide, tafuta NC_000962.3, ndiyo H37Rv. Usipakue jenomu nzima, ina herufi milioni 4.4 na wewe unataka jeni moja. Upande wa kulia kuna mahali pa kubadilisha eneo linaloonyeshwa. Andika kuanzia 759807 hadi 763325. Hiyo ndiyo rpoB yote, faili yake ni kilobaiti nne hivi, hata bando la mia tano linaiweza. Kisha rudi BLAST, kuna kisanduku cha kutiki cha kulinganisha mfuatano mmoja na mwingine. Ukikitiki linafunguka dirisha la pili. Juu weka wako, chini weka wa H37Rv. Hapo unalinganisha na mzima mmoja unayemjua, siyo na kijiji kizima.

Makambako_Data

Naongezea kwa Mnyakyusa. Namba za kodoni zitaendelea kuwagombanisha watu, lakini nafasi kwenye jenomu haina ubishi. rpoB inaanzia 759807, kwa hiyo herufi ya 1349 ya jeni iko 761155. Kwenye H37Rv hapo pana C, kodoni ni TCG, serini. Ukikuta T, kodoni imekuwa TTG, yaani lusini. Vivyo hivyo 761139 kwa kodoni 445: CAC ikiwa TAC, histidini imekuwa tairosini. Na 761110 kwa kodoni 435: GAC ikiwa GTC. Kwenye tasnifu weka safu ya nafasi ya jenomu na utaje NC_000962.3 pamoja na ile .3 mwishoni, kwa sababu ni toleo. Mtu yeyote popote ataweza kurudia hesabu yako bila kukuuliza.

Swali: mlitumia katriji ya GeneXpert ya zamani au ile mpya, Ultra? Kama ni ya zamani, rudi kwenye taarifa kamili ya mashine. Ina probu tano, A hadi E, yaani vipande vya DNA vinavyowaka vikikutana na mfuatano wa kawaida, na zimegawana lile eneo la herufi 81. Probu isiyowaka ndiyo inayokuonyesha upande wa tatizo. D inaangukia karibu na 445, E karibu na 450. Linganisha na ulichokiona kwenye mfuatano. Vikikubaliana, umepata ushahidi wa njia mbili.

Ila usisahau: yapo mabadiliko ya herufi yasiyobadilisha asidi amino, na probu haijui tofauti, inakataa tu kuwaka. Mgonjwa anasomeka sugu wakati dawa bado inafanya kazi. Kwa hiyo kila herufi iliyobadilika itafsiri kwanza kabla hujaiita usugu.

Maabara_Uyole

Katriji za zamani, na taarifa zimo kwenye faili la rafu ya juu. Kesho asubuhi nitazichomoa.

Jambo dogo pembeni: makala mbili kati ya zinazotajwa na katalogi zinadai dola 40 kuzisoma. Mnafanyaje?

Kihesa_Iringa

Usilipe. PubMed ni orodha na muhtasari tu. Makala nzima za bure ziko PubMed Central, na Europe PMC nayo itazame. Ukikosa, nenda kwa mkutubi wa chuo chako ukamuulize juu ya Hinari. Ni mpango ulioanzishwa na WHO mwaka 2002 pamoja na wachapishaji, na Tanzania iko kundi la nchi zisizolipa. Nenosiri hupewa taasisi, haligawiwi kwa mtu mmoja mmoja, ndiyo maana nasema mkutubi. Vyuo vingi vinalo na wanafunzi hawajui.

Maabara_Uyole

Narudi na majibu, wakuu. Jana umeme ulikatika saa kumi na moja jioni nikasubiri mpaka saa nne usiku, lakini nimemaliza zote 14.

Zile tatu nilizoziita "hakuna mabadiliko": mbili zina 450, TCG kuwa TTG, na probu E haikuwaka kwa zote mbili. Ya tatu ina 445, CAC kuwa TAC, na probu D ndiyo iliyonyamaza. GeneXpert haikukosea hata moja. Nimefuta yale maneno kwenye rasimu na nimekaa kimya dakika kadhaa, kwa sababu ningeyapeleka yalivyo yangesomeka kwamba watu watatu walimezeshwa dawa za usugu bure, na haikuwa kweli.

Na Mnyakyusa ulisema kweli juu ya ncha. Nilipokata herufi kama 30 kila upande, zile za 99 nazo zikapanda kuwa 100 kwenye BLAST ya kawaida. Zote 14! Mia kwa mia, na GeneXpert ilizitoa zote kuwa sugu.

Imebaki moja, sampuli namba 7. Kwenye 761110 naona vilele viwili, A na T, vinalingana urefu. Programu imeandika A kwa hiyo inasomeka ni mzima. Lakini probu B ilichelewa kuwaka, haikunyamaza kabisa. Ni uchafu wa PCR, au?

Mnyakyusa_wa_Benchi

Usiiamini programu hapo, amini macho. Ulisomewa upande mmoja au pande zote mbili? Kama una usomaji wa praima ya kurudi, yaani wa upande wa pili, ufungue uangalie nafasi ileile. Uchafu wa usomaji kwa kawaida haujirudii pande zote mbili. Vikijirudia, inawezekana mgonjwa ana mchanganyiko, bakteria wazima na sugu pamoja, au mirija miwili iligusana siku ya kuotesha. Kuvitofautisha utarudia kutoka kwenye DNA ya mwanzo, siyo kutoka kwenye PCR ileile.

Makambako_Data

Na hiyo usiitie kwenye jedwali kama 435 wala kama mzima mpaka urudie. Iandikie "vilele viwili, inarudiwa".

Maabara_Uyole

Nimefungua wa kurudi sasa hivi. Vipo. Viwili, nafasi ileile.

DNA ya mwanzo imebaki kama maikrolita 20 kwenye friza, kisanduku cha tatu. Jumatatu naanza nayo upya, na safari hii naweka mrija wa maji matupu pembeni kama kidhibiti.