Kupuliza tarumbeta studio: kuna mtu anaishi kwa kazi hii?

Pulizo_Nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Napuliza tarumbeta kwenye kundi moja la matarumbeta hapa Dodoma. Mnatujua: Jumamosi tuko nyuma ya pikapu, maharusi mbele kwenye gari la maua, tunatoka kanisani tunapita Nyerere Square mpaka ukumbini Area C, na vumbi lote la mji linaishia kooni mwetu. Sendofu, mahafali, kipaimara, popote tunaitwa.

Nikiwa nyumbani nasikiliza jazz ya Marekani, hasa mpuliza tarumbeta Clark Terry, mpaka bando linakata. Sasa juzi prodyuza mmoja wa Ipagala kanisikia harusini, anataka niende kupuliza kwenye wimbo wa kwaya. Kaahidi elfu hamsini. Nikabaki najiuliza, hawa wapulizaji wakubwa walikuwa wanakula nini? Kila nikisoma habari zao naambiwa fulani "alikuwa mwanamuziki wa studio", halafu basi, kazi yenyewe haielezwi. Mjomba anataka nirudi VETA nikamalizie umeme wa majumbani. Nishaurini, ila msinitukane.

Kaka_Mbande

Umeme, mdogo wangu. Jazz Tanzania ni jina la bendi tu. Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, wote hao walikuwa wanapiga rumba. Na siku hizi prodyuza anabonyeza kinanda anapata matarumbeta kumi yasiyodai nauli wala soda.

Mzee_wa_Makole

Kaka Mbande, hayo matarumbeta ya kinanda nimeyasikia. Hayapumui. Mtu mwenye masikio anajua kabla ubeti haujaisha.

Kijana, mimi nimepuliza bendi ya brasi serikalini mpaka nikastaafu, na pembeni nimeingia studio nyingi, za Dar na za hapa. Huyo Clark Terry uliyemtaja ndiye jibu lako. Alikaa kwenye bendi ya jazz ya Duke Ellington kuanzia 1951 hadi 1959. Jina kubwa, bendi kubwa, na maisha ya kuzunguka mji hadi mji. Mwaka 1960 akaajiriwa NBC, kituo cha redio na televisheni, kule New York, akiwa miongoni mwa weusi wa kwanza kupata kiti katika okestra ya kituo kile. Enzi hizo vituo vikubwa vya Marekani vilikuwa na wanamuziki wao wa mshahara. Unaingia, unakuta karatasi ya nota mezani, unapuliza kilichoandikwa. Leo unamsindikiza mwimbaji mgeni ambaye hujawahi kumsikia, kesho ni kitu kingine kabisa, na jioni kuna kipindi cha mazungumzo cha Johnny Carson kwenye televisheni. Kazi ikiisha, ndipo mtu anakwenda klabu kupiga jazz yake. Jazz ndiyo iliyowapa sauti, lakini kodi ya nyumba ililipwa na studio.

Mwaka 1972 kipindi cha Carson kikahamia Burbank, California. Terry akabaki New York na bendi zake na wanafunzi wake. Mwenzake Snooky Young, aliyekuwa tarumbeta kiongozi kwenye bendi ya Count Basie, akafungasha akahama na kazi, akakaa humo hadi Carson alipostaafu 1992. Ukiuliza wasikilizaji watakutajia Terry. Ukiuliza wapulizaji, wengi watasema Snooky. Mimi ningehama na mshahara, sikufichi.

Na usidhani ni mambo ya huko tu. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki waajiriwa, vyombo mali ya chama. Ndiyo hiyohiyo leo mnaiita Msondo Ngoma. Walirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima kwa pamoja, na mpulizaji akikosea kwenye kumalizia, mnaanza upya wote na mpiga besi anakutazama vibaya. Kwa hiyo Kaka Mbande, iwe rumba au si rumba, ile nayo ilikuwa kazi ya studio.

Sasa la muhimu. Unasoma nota?

Pulizo_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Nasoma solfa, nilijifunza kwaya. Nota za mistari nababaisha.

Mzee_wa_Makole

Marahaba. Basi hapo ndipo pa kufanyia kazi, kuliko hata kupanda noti za juu. Kupanda juu kila kijana anaweza kwa dakika mbili. Anayeitwa tena studio ni yule anayepewa karatasi saa nne na saa nne na nusu wanasikiliza alichorekodi. Saa za studio zinalipiwa, na mwenye pesa amekaa pale kwenye kochi anaangalia saa ya ukutani.

Tena tarumbeta lako ni la B-flati, nota zake zinaandikwa hatua moja juu ya kinanda. Mpiga kinanda akisema wimbo uko G, kwako ni A. Akisema E, kwako ni F-shapu, vidole vitatoka jasho. Muulize funguo kabla hujatoka nyumbani. Solfa itakudanganya hapa maana do inahama, ila vidole haviwezi kuhama kwa imani tu.

Dada_Mitambo

Naingia kidogo maana mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa kioo, japo studio yangu kioo chenyewe ni dirisha la chumba cha stoo.

Watu wa matarumbeta ya harusi mna tatizo moja: mmezoea kushindana na trafiki. Ukinipulizia hivyo kwenye maiki ya kondensa, ile inayonasa kila kitu, kwa karibu, sina cha kuokoa. Rudi nyuma kama mita moja, geuza kengele ya tarumbeta, ule mdomo mpana wa mbele, kidogo pembeni, usiilenge maiki usoni. Hedifoni vaa sikio moja ili ujisikie kama uko kwenye sauti, lakini ule upande wa pili ubane kichwani, usiuache unaning'inia. Kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo, inavuja hapo, halafu kwenye sehemu ya taratibu inasikika tik tik tik chini ya kwaya.

Pia usishangae ukiambiwa upige sehemu hiyohiyo tena, kisha sauti ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ndivyo mtu mmoja anavyogeuka safu nzima. Mnaopenda kusikia ala za kupuliza zilizokaa sawa, sikilizeni Thriller ya Michael Jackson ya 1982. Jerry Hey alizipanga na kupuliza mwenyewe. Kila noti imekatwa mahali pamoja. Hapo ndipo pesa ilipo, kwenye kukata, yaani kumaliza noti kwa wakati wake, na vijana wengi hawapafanyii mazoezi.

Msimu huu wa upepo beba mafuta ya midomo. Nimewahi kuahirisha kazi kwa sababu midomo ya mpulizaji ilipasuka katikati ya wimbo.

Kaka_Mbande

Haya, nimesikia. Lakini bado jina lake halitajulikana.

Mzee_wa_Makole

Hilo ni kweli. Kulikuwa na mpuliza tarumbeta Mwingereza, Derek Watkins. Filamu za James Bond, kuanzia ya kwanza mwaka 1962 hadi ya 2012, tarumbeta lake limo. Miaka hamsini watu wanasikia pumzi zake kwenye sinema na hawamjui. Asiyeweza kulivumilia hilo abaki jukwaani, si dhambi.

Pulizo_Nkuhungu

Nashukuruni sana. Na hiyo elfu hamsini niichukue?

Dada_Mitambo

Kwa wimbo mmoja wa kwaya Dodoma si mbaya, mradi iwe ya wimbo na si ya siku nzima. Wakiongeza wimbo wa pili, mnaongea upya kabla hujafungua kasha.

Mzee_wa_Makole

Na mwandikishane. Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, tarehe, umepuliza nini, umelipwa kiasi gani, na kama jina lako litaandikwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua hata mpiga ala, si mtunzi peke yake, lakini bila karatasi utakwenda COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, kusema nini? Umeme wa mjomba nao usiudharau. Ukiwa na hela ya kula hutalazimika kukubali kila bei.

Wimbo uko funguo gani?

Pulizo_Nkuhungu

E. Prodyuza kajibu sasa hivi. Kurekodi ni Alhamisi.

Mzee_wa_Makole

Pole. Njoo Jumapili baada ya misa na tarumbeta lako, tuipige hiyo F-shapu polepole. Nina kizibo cha Harmon, kile cha kuweka kwenye kengele kubadili sauti, nitakuazima, kwaya wanakipenda kwenye utangulizi. Ukirudishe.