Operasyo ya moyo: vile vitu banabandika ku kipaji ni vya nini?

Mama wa Birere (Goma)
Bandugu, mudogo wangu ana miaka 19, valvu ya moyo iliharibika juu ya ule ugonjwa wa koo wa utoto, batamupasua Kigali mwezi ujao. Dokta alisema batabandika vitu viwili ku kipaji, kuume na kushoto, juu ya kuangalia oksijene ya bongo. Nikauliza, si kuko kale ka mashini ka ku kidole? Bakamwita, akaenda. Toka ile siku silali. Bongo inaingia aje mu mambo ya moyo?

Enfirmie Kadutu
Pole Mama. Minafanyaka anestezi, ni kulaza mugonjwa mbele ya operasyo. Wakati banasimamisha moyo, mashini inasukuma damu pa nafasi ya moyo, na damu inapita tu kama mto, haigongi. Kale ka kidole kanatafutaka mapigo, yakikosa hakaoni kitu. Vya kipaji vinatuma mwangaza wenye macho yetu hayaone, unapita ngozi na mfupa, unarudi na habari ya oksijene. Banaandika namba mbele ya kumulaza, kwa batu wengi ni 60 mpaka 75 kwa mia. Ikipungua kwa sehemu moja ya tano, ao ikienda chini ya 50, banatafuta sababu mbio mbio: shingo imepinda? presha imeshuka? damu imepunguka? Kama ni upande mmoja tu, banaangalia kwanza bomba la ile mashini ya damu.

Baba Neema
Papa yangu bamupasua India, alikuwa navyo, na bado siku tatu alikuwa ananiita jina la kaka yake aliyekufa, anataka kung'oa serumu. Iliisha, asante Mungu. Lakini musifikiri vinazuia yote.

Enfirmie Kadutu
Ni kweli Baba. Vinaona bongo ya mbele tu, kipande kidogo cha damu kikiziba nyuma, namba inaweza kukaa vilevile. Utafiti mumoja wa 2007 ulipata kama matatizo makubwa yalipunguka kwa wenye walifuatwa na hivi vitu, lakini Cochrane, kundi yenye inakusanyaka na kupima tafiti, walipopima tafiti zote mu 2018 hawakuweza kusema kwa hakika. Mimi ningetaka ndugu yangu abandikwe, haviumize, havitobole. Mama, uliza nani atakaa anaangalia ile namba, na kama mudogo wako aliisha kuanguka kifafa ao kupooza, useme mapema.

Mama wa Birere
Mungu akubariki. Nitauliza. Mudogo anasema, batamunyoa nywele?

Enfirmie Kadutu
Hapana, ni ku kipaji, chini ya pale nywele zinaanzia, ku ngozi tupu. Ile asubuhi asipake mafuta ku uso, visije kubanduka.