Unga wa stendi na mulondo wa babu: nitajuaje kilichomo?

Mwalimu wa Bukoba
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 49 na mwaka mzima sasa jogoo hapandi mtungi. Marehemu babu alitafuna mulondo kila jioni, ule mzizi wenye harufu kama vanila. Nami nimeutafuna miezi mitatu, sioni tofauti. Mwezi jana nikanunua unga stendi, muuzaji akaniapia ni mulondo mtupu uliosagwa. Nikatia nusu kijiko kwenye uji. Saa moja haikuisha, mambo yakakaa sawa. Lakini uso uliwaka, pua ziliziba, kichwa kiligonga, na taa ya chumbani niliiona ya bluu. Mke wangu alilia kwa hofu. Kama mzizi ni uleule, mbona wa babu haukunifanya hivi? Nimebakiza robo kopo, nataka upimwe.

Mfamasia, Mwanza
Mwalimu, usiuguse tena. Pua kuziba, uso kuwaka na kuona bluu ni dalili zinazojulikana za sildenafil, dawa ya hospitali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Wapo wanaoisaga na kuichanganya kwenye dawa za miti, na hapo hujui umekunywa miligramu 25 au 200. Anayetumia vidonge vya moyo vya jamii ya naitreti, presha yake inaweza kushuka ghafla akafa. Maabara huyeyusha unga wako, huweka tone lake na tone la sildenafil halisi kwenye bamba moja, kisha huchovya ukingo wa bamba kwenye kimiminika kinachopanda na matone. Yakipanda na kusimama usawa mmoja, wanathibitisha kwa mashine. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi huku Mwanza. Ulete na kopo lake hilohilo.

Mtafiti wa mimea
Mulondo naupenda, ndiyo maana sitaki usingiziwe. Umejaribiwa kwa panya madume, na mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa maabara ulioonyesha mbegu za kiume zikiogelea vizuri zaidi zikiwekewa mulondo. Hiyo ni habari ya mbegu, si ya kusimama. Kwa watu ingebidi nusu wapewe mulondo na nusu unga wa kufanana nao, asijue yeyote, kwa sababu matumaini peke yake husimamisha. Na kinachotushinda ni harufu: Mhaya ukimpa unga wa muhogo ukasema ni mulondo, atakukatalia kabla hajaonja. Labda uingie kwenye kapsuli.
Ila mwalimu, sukari umepima? Sukari ikizidi huumiza mishipa ya damu, na ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, hutangulia kulalamika.

Mwalimu wa Bukoba
Nimerudi, wakuu. Kopo nimelikabidhi Mwanza, nasubiri majibu. Sukari nilipima asubuhi kabla ya kula: 11.2. Sikuwahi kupima maishani. Daktari amenianzishia metformin, dawa ya kisukari, na mke wangu ameacha kutia sukari kwenye chai ya nyumba nzima, hata ya watoto. Kipande cha mulondo nilikwenda nacho kliniki, nikakiweka mezani kwa daktari ili akiandike kwenye faili langu.