USHAURI: Jumamosi naingia mbio za koni na Altezza, matairi niweke upepo ngapi?

Kijana wa Shangani
Wakuu habari za usiku. Niko Mtwara mjini, Jumamosi hii vijana wenye magari tunakutana kwenye yadi moja ya zege nje kidogo ya mji, zinapangwa koni halafu kila mtu anaingia peke yake anapimwa muda, ile autokrosi mnayoiona kwenye video. Nina Altezza ya gia sita za mkono. Sijawahi kushindana na tangu juzi usingizi hauji. Naombeni msaada, upepo niweke ngapi, na nikishatoka na gia ya 1 nibaki na ya 2 mpaka mwisho au niwe nabadilisha?

Dereva wa Kusini
Altezza ya nini kijana, tafuta Subaru. Mimi nilikuwa na Mark II natoka Masasi usiku, kufika Mingoyo lori la korosho limelala katikati ya barabara halina hata taa moja, nilikanyaga breki mpaka abiria wa nyuma akahamia mbele. Tangu siku ile kukimbia basi, sasa hivi nina Noah na watoto watano.

Bi Nanyamba
Mwanangu, wenzio wanahangaika na hela ya salfa ya mikorosho wewe unachoma mafuta kuzunguka koni. Ukimaliza kuzunguka unapewa nini?

Mkaa Nairobi
Mwacheni kijana aulize, mchezo huu ni halali na una sheria zake. Huku Kenya wanaucheza kwenye vumbi, wana madaraja mpaka ya watoto. Marekani wanatumia lami au zege kama huko kwenu, ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2, ukiruka geti, yaani ule uwazi wa kupita kati ya koni mbili, mzunguko wote hauhesabiwi. Kwa hiyo asubuhi tembea njia yote kwa miguu, tena mara mbili tatu, uikariri kama njia ya kwenu. Ukiwa ndani usiangalie koni iliyo mbele ya bampa, angalia inayofuata na ile ya baada yake. Breki piga gari likiwa limenyooka ndipo ukate kona. Altezza inasukuma kwa nyuma, ukitia mafuta kabla usukani haujaanza kurudi mkia unakupita. Gia ya 2 inakutosha.

Mtu wa Ndanda
Mbio za magari sio ngeni kwetu jamani, Safari Rally ilipoanza 1953 ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wetu walisimama barabarani kuangalia.

Fundi Ligula
Kabla ya upepo, oili ya breki ilibadilishwa lini?

Kijana wa Shangani
Sijajua fundi. Pedali ni laini kidogo ila inashika. Gari lilikaa kama miezi miwili.

Fundi Ligula
Lilikaa kwa nini? Na usijue oili ya gari lako mwenyewe? Oili ya breki inavuta unyevu, na pwani hapa ndio zaidi, ukipiga breki mfululizo inapata moto inachemka, pedali inazama mpaka chini. Gari ni la nani?

Kijana wa Shangani
Ni la nyumbani.

Bi Nanyamba
La nyumbani la nani?

Kijana wa Shangani
La mzee, kafariki. Mirathi haijafunguliwa, tuko wanne, na mama yuko eda. Funguo alinituma nilipashe moto tu gari betri isife. Lakini naomba mnielewe, kiingilio nimeshalipa 50,000, helmeti nimenunua, na sio barabarani, ni yadi, magari hayagusani. Mzee mwenyewe alikuwa anapenda haya mambo kuliko mimi. Sio kwamba naliuza.

Bi Nanyamba
Kuna thumuni ya mama yako mle ndani, na mafungu ya ndugu zako. Ametumwa betri yeye anapeleka gari zima!

Mkaa Nairobi
Na bima mdogo wangu, soma ile karatasi, mashindano kwa kawaida wameyatenga. Ukiligonga kwenye ukuta wa yadi hakuna wa kukulipa.

Mzee wa Ushahidi
Subirini. Mwezi wa 6 huyu huyu aliandika hapa kwamba mzee wake kamnyima funguo za Altezza, leo mzee marehemu, mama eda, yadi ya zege, mashindano Mtwara. Chai hii, tena ya rangi, sukari kilo mbili.

Dereva wa Kusini
Nilishaanza kuhisi. Yadi yenyewe hata jina haina.

Kijana wa Shangani
Ndio huyo huyo mzee. Alininyima mwezi wa 6, akasema nikae pembeni yake kwanza nijifunze, nikakaa pembeni siku tatu tu, Shangani mpaka Mikindani na kurudi. Kafariki tarehe 9 mwezi wa 8. Yadi sikuitaja kwa sababu kaka yangu yuko Dar na huwa anasoma humu.

Mzee wa Ushahidi
Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Nisamehe kijana, nimekosea.

Mtu wa Ndanda
Pole sana. Mimi mzee wangu aliacha baiskeli, hadi leo hakuna aliyeipanda.

Kijana wa Shangani
Asanteni. Nimewasikia wote. Lakini upepo bado hamjaniambia.

Fundi Ligula
Anza na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, ongeza kidogo, halafu chora chaki ukingoni mwa tairi, ukizunguka ikifutika mpaka ubavuni ongeza tena. Jeki, spea na kapeti toa zote. Ila kesho saa 2 asubuhi lipitishe kwangu nimwage oili yote ya breki, hela utaleta ukipata. Na kaka yako nimsikie kwenye simu kwanza, vinginevyo sishiki spana.

Bi Nanyamba
Kaka baadaye. Mama aambiwe leo.

Kijana wa Shangani
Mama ameshalala.