Ununuzi na Ugavi, Lojistiki au Ufundi Mitambo: ipi inamfaa anayetaka kazi ya usambazaji wa bidhaa za viwandani, Kanda ya Kati?

Mdau_Kizota
Wakuu, habari za kazi. Vyuo vichache vya Marekani, Texas A&M kikiwa kimojawapo, vinatoa shahada ya usambazaji wa bidhaa za viwandani. Mhitimu wake anakaa katikati: upande mmoja watengenezaji wa beringi, pampu, vali, mabomba na nyaya, upande wa pili kiwanda au mgodi unaovihitaji. Kwetu njia zinazokaribia hapo naziona tatu: Ununuzi na Ugavi (mfano CBE Dodoma), Lojistiki na Usafirishaji (NIT, Dar), au Ufundi Mitambo halafu biashara inaongezwa juu yake. Kijana wa kidato cha sita anayetaka kufanya kazi Dodoma au Singida aende wapi? Naomba tujadili yanayofundishwa, ajira na hasara zake. Sifa za majengo ya chuo tuziache.

Bohari_Kuu
Ununuzi na Ugavi, kwa sababu mwajiri mkubwa wa mji huu ni serikali. Wizara zote ziko hapa, NFRA (wakala wa hifadhi ya chakula) wana maghala yao Kizota, Bohari ya Dawa wana kanda Dodoma, na kila halmashauri ina kitengo cha ununuzi.

Kuingia shahada kunahitaji kufaulu masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili zinafika. Wa diploma anahitaji GPA ya 3.0. Ila cheti cha chuo pekee hakitoshi. Sheria ya mwaka 2007 inamtaka mtu anayefanya kazi hii asajiliwe na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na mitihani ya Bodi hufanyika mara mbili kwa mwaka. Wengi wanahitimu wakidhani wamemaliza, halafu tangazo la kazi linataka CPSP, cheti cha kitaalamu cha Bodi. Aanze mitihani hiyo mapema, masomo ya chuo yakiwa bado ya moto kichwani.

Ajue pia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, kwa mikono yake. Zabuni za umma zinapita humo tangu 2023, na anayejua mfumo ulivyo pande zote mbili, ya taasisi na ya mzabuni, anahitajika hata na wauzaji binafsi.

Spea_Nala
Nampinga kidogo mkuu hapo juu. Aliyoeleza ni kazi ya mnunuzi. Msambazaji ni muuzaji, na mteja wake haulizi kifungu cha sheria. Anasema: mashine imesimama, nipe kinachoingia hapa.

Chukua mashine za kukamua alizeti, maana Singida na Dodoma zimejaa. Parafujo inasukuma mbegu mbele, kwa hiyo yenyewe inarudishwa nyuma kwa nguvu ileile. Beringi ya nyuma lazima ihimili msukumo unaofuata urefu wa shafti. Fundi analeta beringi iliyosagika, namba imefutika. Muuzaji anapima: tundu 35 mm, kipenyo cha nje 72 mm. Anatoa beringi namba 6207, na inaingia bila shida, maana vipimo vyake ni 35 × 72 × 17. Kumbe iliyotoka ni 30207, ya roli za mshazari, 35 × 72 × 18.25. Tofauti ni unene wa milimita moja na robo tu! Lakini 6207 ni ya gololi, kazi yake hasa ni kubeba mzigo unaokandamiza shafti kutoka juu. Ikipewa msukumo mzito wa mfululizo itachemka, itapiga kelele, itavunjika. Mwenye mashine atatangaza mji mzima kwamba duka lile linauza feki, wakati beringi ilikuwa halisi.

Kusoma namba si kazi ngumu. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5: 05 ni tundu la 25 mm, 07 ni 35 mm. Kanuni inaanzia 04. Chini ya hapo, 00 hadi 03 ni 10, 12, 15 na 17. Herufi 2RS ni kizuizi cha mpira pande zote mbili, ZZ ni cha bati, na kwa vumbi letu la kiangazi mpira unalinda vizuri zaidi. C3 ina nafasi kubwa ya ndani, ya mashine inayopata joto.

Shahada ya Marekani inaunganisha mambo haya: mifumo ya majimaji na umeme upande mmoja, mauzo, ghala na faida upande mwingine. Kwetu yametengana. Ndiyo maana nasema aanze na diploma ya ufundi mitambo (DIT ya Dar, Arusha Technical au MUST ya Mbeya), kisha asome biashara.

Dada_Makulu
Swali kwa Spea_Nala. Aliyesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) je? Kama hana fizikia hata ya kidato cha nne, ufundi mitambo hawamchukui.

Spea_Nala
Dada, huyo asome Ununuzi na Ugavi, lakini mafunzo kwa vitendo asiyamalizie ofisini akipanga mafaili. Aombe nafasi kwenye stoo ya vipuri ya kiwanda. VETA nao wana kozi fupi za ufundi. Akitoka anajua kushika venia (kifaa cha kupimia vipenyo), kutofautisha ukubwa wa belti, A na B, na kugundua kwamba nyuzi za kiungo cha bomba la haidroliki ni za inchi na siyo za milimita, anawaacha mbali wenzake wa darasani.

Reli_Ihumwa
Msiisahau lojistiki. Abiria wa SGR, reli ya kisasa, walianza kufika Dodoma 2024, na Ihumwa kuna bandari kavu. Anayepanga mzigo lazima ajue kipi kinajaa kwanza, uzito au nafasi. Nondo zinamaliza uzito wa gari wakati bodi bado ina nafasi tele. Mabomba ya PVC yanajaza bodi huku uzito ukiwa mdogo. Kikomo cha gari pamoja na mzigo ni tani 56 kwa lenye ekseli 7, na kila ekseli ina kikomo chake. Gari linaweza kuwa ndani ya jumla na bado likakamatwa mizani ya Mikese, Morogoro, kwa sababu mzigo umepangwa vibaya, umeelemea ekseli za nyuma.

Ila nakubali, lojistiki peke yake inakupa kazi ya kusafirisha. Kumshauri mteja anunue nini ni kazi nyingine.

Hesabu_Area_C
Naona hesabu imesahaulika, na ndiyo inayofunga maduka. Haya ni mambo ambayo kijana anapaswa kuyafanya bila kalamu, kozi yoyote atakayochagua.

Kiwango cha kuagiza: beringi inatoka 4 kwa siku, mzigo wa Dar unafika baada ya siku 5, akiba ya dharura ni 8. Agiza zikibaki 28. Ukihamia kuagiza nje kwa meli, siku 60, utahitaji 240 kabla hata ya kuweka akiba. Wanaoikosea hii wanaishiwa bidhaa inayotoka, huku rafu zimejaa bidhaa zilizolala.

Faida: umenunua 80,000, unauza 100,000. Hiyo ni asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini ni 20 ya bei ya kuuzia. Bosi akitaka 25 ya mauzo, bei ni 106,667. Na punguzo la asilimia 10 kwenye ile laki moja halikati faida kwa kumi. Linaikata nusu, kutoka 20,000 hadi 10,000. Mwambieni kila kijana wa mauzo kabla hajaanza kugawa punguzo.

Kodi: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 bandarini inapigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wa forodha. Mzigo wa milioni 10 wenye ushuru wa asilimia 10, tukiacha tozo nyingine, unalipiwa VAT ya 1,980,000. Aliyesajiliwa VAT anaidai kwenye ritani yake, hivyo asiiingize kwenye gharama ya bidhaa, la sivyo bei yake itakuwa juu kuliko ya jirani.

Bohari_Kuu
Nyongeza kwa atakayejiajiri: sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Kikundi kisajiliwe kwanza, kisha kiingie NeST. Kabla ya kujaza bei, kihesabu mtaji wa kusubiri malipo, maana msambazaji wako wa Dar atataka hela yake kabla halmashauri haijakulipa.