Nimejitengenezea maji ya zinki ya kupaka kichwani, sasa kichwa kinawasha. Niendelee au niache?

mama_wa_wawili_mtwara

Asalaam aleykum, na habari za jioni wanajamvi.

Nipo Mtwara mjini, nina miaka 31. Nimejifungua mtoto wa pili miezi minne iliyopita. Tangu mwezi jana nywele zinapukutika mpaka naogopa kushika kichana. Juzi nilifungua kiganja cha mtoto nikakuta ameshika nywele zangu tatu, ndefu. Nililia.

Shemeji yangu alisoma mtandaoni kuwa zinki inazuia homoni inayoleta upara. Akanishauri nitumie vile vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha, vya miligramu 20. Nikaponda kumi, nikatia maji ya moto nusu kikombe na kifuniko kimoja cha spiriti, nikaweka kwenye chupa ya kupulizia. Napaka kila usiku, leo siku ya sita. Havikuyeyuka vyote, chini kunabaki unga mweupe. Ngozi ya mbele imekauka, inabanduka magamba, na usiku inawasha hadi nakosa usingizi.

Niseme na hili: juu ya masikio na kwenye paji nywele zilianza kupungua hata kabla ya mimba. Nilikuwa nasuka rasta mfululizo. Jumamosi ijayo ni harusi ya mdogo wangu na rasta nimeshanunua.

Je, nipunguze makali ya dawa au niongeze siku? Naombeni msaada wenu.

Mkorosho_Tandahimba

Dada, acha leo leo.

Mimi ni mwanaume, miaka 38, utosini panafunguka kama kwa marehemu baba. Mwaka jana nilisoma habari hizohizo za zinki. Nyumbani nilikuwa na mbolea ya majani yenye zinki niliyonunua duka la pembejeo kwa ajili ya bustani ya nyanya. Nikakoroga kwa kukisia, nikapaka. Usiku wa pili kichwa kiliwaka moto, asubuhi malengelenge. Yalipopona likabaki kovu la ukubwa wa sarafu, na pale nywele hazijaota mpaka leo. Sisi wa huku tunajua salfa ya mikorosho inavyochoma macho msimu wa kupulizia ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho. Sijui kwa nini nilidhani dawa ya shamba itanihurumia kichwani.

Wewe umetumia vidonge vya mtoto, makali yake ni madogo kuliko yangu. Lakini ngozi imeshakwambia.

muuguzi_kusini

Pole sana mama, na hongera ya mtoto. Kwanza kabla ya nywele: mvue mwanao soksi, kagua vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja. Unywele wa mama ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unabana kama uzi, damu haipiti, kidole kinavimba. Fanya hivyo kila siku wakati huu nywele zinapodondoka.

Sasa zinki. Shemeji yako hakutunga. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kuwa zinki na asidi ya azelaiki, ile ya krimu za chunusi, zinazuia kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa DHT, homoni inayosinyaza mizizi ya nywele kwa wenye upara wa kurithi. Lakini ile ilikuwa ngozi ndani ya maabara, si kichwa cha mtu aliyepaka akaenda kulala. Jaribio kubwa lililofanywa kwa watu lilichapishwa 2003: wanaume 200, wiki 26, shampuu yenye asilimia 1 ya zinki pirithioni ikilinganishwa na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5. Shampuu ilisaidia kidogo, minoksidili ikaizidi kwa mbali, na kuzitumia pamoja hakukuongeza faida. Tena hiyo pirithioni, ile ya shampuu za mba, ni kitu kingine kabisa, siyo salfeti ya zinki iliyo kwenye vidonge vyako.

Unga unaobaki chini ni vijazio vya kidonge, na ndani yake mna vitamu ili mtoto akubali kumeza. Spiriti nayo inanyonya mafuta ya ngozi. Ndiyo maana unabanduka. Osha kwa maji na sabuni laini, usipake kitu siku kadhaa. Pakianza kutoa maji au usaha, usisubiri, nenda hospitali. Na usije ukahamia kuvimeza ukidhani ndiyo njia salama: mtu mzima akizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, madini ya shaba yanashuka mwilini na damu inapungua.

La msingi ni kwamba huo wako hauonekani kuwa upara wa homoni hiyo. Wakati wa mimba nywele nyingi hubaki kichwani bila kudondoka. Ukishajifungua zinaingia mapumzikoni kwa pamoja, na kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne zinaanguka kwa pamoja. Kwa wengi hutulia zenyewe kabla mtoto hajatimiza mwaka. Homa kali ya malaria huleta hali hiyohiyo miezi miwili mitatu baadaye. Chukua unywele ulioanguka wenyewe, utazame ncha ya upande wa kichwani kwenye mwanga. Ukiona kijidoa cheupe kama kichwa cha pini, huo umemaliza muda wake, na mzizi uliouacha utaotesha mwingine.

Pale juu ya masikio ni habari nyingine. Hapo ni rasta. Mvuto wa muda mrefu unaua mzizi, na ukishafanya kovu hakuna maji ya zinki wala minoksidili yatakayourudisha. Bado una nafasi kama unaona vinyweleo vifupi vifupi. Kwa hiyo harusi usisuke, nakuomba.

Ukienda kliniki ya mtoto, omba wapime wingi wa damu yako. Ikiwezekana na tezi ya shingo. Minoksidili usianze ukiwa unanyonyesha bila kuongea na daktari.

binti_nachingwea

Naunga mkono hapo kwenye rasta. Msusi akikwambia "vumilia, kesho itaachia", mwambie afumue palepale. Ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye mistari, ujue mzizi unavutwa. Mimi nilivumilia miaka, sasa paji langu limepanda vidole viwili na ndiyo basi.

Kuhusu kula: pweza, dagaa, korosho na ufuta vyote vina zinki, na huku kwetu havikosekani. Mama anayenyonyesha anavihitaji tumboni kuliko kichwani.

Mkorosho_Tandahimba

@muuguzi_kusini, na mimi mwenye kovu?

muuguzi_kusini

Ndugu yangu, penye kovu paangaliwe na daktari wa ngozi. Utosini kwingine minoksidili inaweza kukusaidia, ila ni ya kutumia bila kukatisha. Ukiacha, nywele ilizozishika zinaondoka baada ya miezi michache.

mama_wa_wawili_mtwara

Nimesoma yote, nimesoma tena. Vidole vya mtoto viko salama, nimekagua mara mbili. Nimeokota nywele tano kwenye mto, nikaziweka juu ya kanga nyeusi chini ya taa: nne zina kile kijidoa cheupe, moja imekatika katikati.

Juu ya masikio nimeshika kioo kwa muda mrefu. Upande wa kulia vinyweleo vipo. Kushoto ni vichache sana.

Chupa nimemwaga. Rasta nimempelekea wifi, kwenye harusi nitavaa mtandio. Kliniki ni Jumatatu, nitaomba wanipime damu, majibu nitawaletea hapahapa.