Mjadala: Ushuru wa mafuta ya taa ushuke, au tutarudi kwenye uchakachuaji?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2011 hapa Tanzania ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi kama 400. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, wajanja wakawa wanayamimina kwenye dizeli na petroli na kutuuzia kwa bei kamili. Kenya nao mwaka 2018 waliweka tozo ya shilingi 18 zao kwa lita kwa sababu hiyohiyo.

Mimi nasema ushuru ushuke. Tangu 2010 mafuta ya soko la ndani yanawekewa vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kuyatambulisha. Mkaguzi akichukua sampuli kituoni, kipimo kinamwonyesha vinasaba vimepungua kiasi gani. Kama kipimo tunacho, kwa nini bibi yangu kule Kilwa, ambaye taa yake ni kibatari, aendelee kulipia dhambi za mwenye lori?

Fundi dizeli, Tandika: Ndugu mleta mada, bibi namhurumia kama wewe. Lakini elewa haya mafuta yalivyo ndugu. Yote ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Ya taa ina kaboni kama 10 hadi 16, dizeli inafika 20 na kitu. Ukiyachanganya hayajitengi, na kwa macho huoni lolote.

Injini ndiyo inayoona. Dizeli kazi yake si kuwaka tu, ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Mafuta ya taa ni mepesi, utando wake mwembamba, chuma kinasagana na chuma. Na gari halizimiki siku hiyo! Linapoteza nguvu taratibu, miezi inapita, ndipo pampu inafika mezani kwangu imekwaruzika. Mwenye daladala atamshitaki nani, wakati amejaza vituo kumi? Kwenye petroli ndiyo balaa: oktani, yaani uwezo wa petroli kutojilipukia mapema, inashuka, mchanganyiko unajilipukia kabla moto wa plagi haujaufikia, unasikia injini inagonga ukipanda mlima.

Vinasaba vinamkamata mtu baada ya kuuza. Bei ikiwa sawa, hana sababu ya kuchanganya tangu mwanzo.

Mama lishe, Mbagala: Kaka fundi, nimekuelewa, ila pampu ina bei na mapafu yangu hayana? Nilikuwa napikia jiko la mafuta ya taa. Bei ilipopanda nikarudi kwenye mkaa, na huko niko hadi leo. Mnatuambia tutumie gesi. Mtungi unalipia wote kwa mkupuo, mafuta ya taa nilikuwa nanunua chupa ya soda moja, kesho nyingine. Hesabu ya mtu wa kipato cha siku hamuipigi kabisa.

Dereva wa masafa: Mnasahau kitu. Mafuta ya ndege, Jet A-1, ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa viwango vikali zaidi. Hata mkiua soko la mafuta ya taa lote, anayetaka kuchakachua bado anayo malighafi. Kwa hiyo ulinzi wa kweli uwe kwenye maghala na malori.

Mleta mada: Dada wa Mbagala amesema nilichoshindwa kusema. Fundi, jibu hili: pampu zilizokwaruzika zimepungua mezani kwako?

Fundi dizeli, Tandika: Zimepungua sana. Ndiyo maana sitaki ushuru uguswe.

Mleta mada: Lakini vinasaba na ushuru vilikuja vikifuatana, 2010 na 2011. Unajuaje ni kipi kilichoziponya? Mimi naomba ushuru ushushwe nusu kwa mwaka mmoja, na matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni pa kila kituo. Pampu zikianza kurudi kwako, nitakuwa wa kwanza kusema urudishwe.

Mama lishe, Mbagala: Mwaka mmoja mimi naukubali. Fundi, wewe je?